Kopo la Nta

Kopo lilikaa kwenye kichanja cha jikoni, nyuma ya chungu cha maharage, mahali ambapo moshi wa miaka mingi ulikuwa umelipaka weusi hata maandishi yake hayasomeki. Bibi alisema zamani lilikuwa la maziwa ya unga, na kwamba lilifika nyumbani wakati wa vita vya Kagera, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Mimi nililijua kama kopo la nta tu. Ndani mlikuwa na vipande vya mishumaa, vingine vifupi kama ncha ya kidole, vingine virefu kidogo, vyeupe na vya manjano, na chini kabisa viwili vitatu vya nta ya nyuki vilivyotoka kanisani. Ukifungua kifuniko, hao nyuki ndio waliokupokea kwanza, kwa harufu ya asali iliyozeeka. Baada yao masizi. Halafu, kwa mbali, ubani.

Karibu twende. Nyumba ya bibi iko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Tukate hapa kwenye rweya, nyasi zinagusa magoti na upepo wa Ziwa Victoria unakuja bila kizuizi, kisha ghafla tunaingia kibanjani na kila kitu kinabadilika. Mwanga unakuwa wa kijani. Upepo unabaki juu kwenye majani ya migomba, nasi huku chini tunakanyaga matandazo yaliyolowa, laini kama godoro, yanayonuka udongo na maganda yaliyooza. Mibuni imejificha kati ya migomba. Kuku wanaparura. Pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya zamani kuliko yote, ndipo makaburi yalipo: la babu, la mama yake babu, na mawili madogo ya watoto wa bibi waliokufa kabla hawajajua kutembea. Kwetu Buhaya mtu huzikwa kibanjani kwake, kwa hiyo waliotutangulia hawako mbali na jiko. Ukipika, moshi unawafikia.

Kopo lilishushwa mara mbili kwa mwaka: wiki ya mwisho ya Oktoba, kabla ya Siku ya Marehemu Wote, na tena Pasaka ilipokaribia. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mabua ya mpapai. Si kila bua linafaa. La jani changa mrija wake ni mwembamba, na la jani lililogeuka manjano hupasuka. Nilichagua yaliyokomaa yakiwa bado ya kijani, nikayakata, nikayapima kwa shubiri ya bibi, maana yangu ilikuwa fupi mno. Utomvu mweupe ulinidondokea vidoleni ukaniwasha hadi jioni.

Bibi alisokota tambi kwa uzi wa pamba alioufumua kwenye nguo kuukuu. Nyuzi tatu kwa pamoja, akiziviringisha pajani kwa kiganja, midomo ikitembea kimyakimya kama mtu anayesali rozari. Utambi ulipitishwa katikati ya bua. Chini tuliziba kwa udongo wa mfinyanzi, juu tukaufunga kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa bua, ili usimame wima.

“Utambi ukiegemea,” aliniambia, “mshumaa unalia upande mmoja.”

Kopo aliliweka ndani ya sufuria ya maji, na sufuria juu ya mafiga, kamwe si kopo lenyewe motoni, kwa sababu nta ikishika moto maji huikasirisha tu. Tulikaa tukitazama. Vipande vililegea, vikalala, vikazama. Vyeupe na vya manjano vikawa kitu kimoja chenye rangi ya chai ya maziwa. Ncha za tambi zilizoungua zilielea, naye akaziopoa moja moja kwa kijiti. Kisha alimimina, taratibu, kwa mkono usiotetemeka, na mabua yakaachwa yameegemezwa ukutani hadi asubuhi. Kulipokucha alichana kila bua kwa kisu kutoka juu hadi chini, na mshumaa ukatoka ukiwa na mistari midogo ya mpapai ubavuni. Mishumaa yetu haikuwa imenyooka kama ile ya dukani. Lakini niliijua mmoja mmoja, kama mtu anavyowajua mbuzi wake.

Sheria ya bibi ilikuwa moja. Mshumaa hauachwi uishe wenyewe. Ulipobaki urefu wa pingili ya kidole, aliuzima kwa vidole alivyovilowesha mate, akangoja upoe, akaurudisha koponi. Niliwahi kumuuliza kwa nini, wakati duka la ushirika linauza mishumaa, ingawa ni kweli miezi mingine rafu zake zilikuwa tupu. Alinijibu kwamba mshumaa mpya lazima uanzie mahali.

Mkesha ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Jumamosi Kuu, tarehe 30 Machi 1991. Nilikuwa na miaka 11. Mvua ya masika ilikuwa imekatika jioni ile, na mwezi mpevu, ambao Pasaka haiendi mbali nao, ulikuwa ukiingia na kutoka mawinguni. Bibi alitangulia na fimbo yake. Mimi nilifuata na mkoba wa ukindu wenye mishumaa mitatu. Nyuma yetu alikuja mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, aliyekuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Mutukula, mpakani, alikokuwa akifanya biashara ya nguo na sabuni. Alikuwa mtu wa kicheko kinachosikika vibanja viwili mbele. Njia nzima alinisimulia habari za magari na madereva wa Uganda, na kila tulipofika kwenye dimbwi alininyanyua kwa mkono mmoja akanitua ng’ambo. Alikohoa kidogo. Tulisema ni vumbi la safari.

Mbele ya kanisa giza lilikuwa limejaa watu. Usingemwona mtu, ungesikia kanga zikisuguana, mtoto akinyamazishwa, mzee akisafisha koo. Ungenusa sabuni ya mche, mafuta ya nazi, na udongo uliolowa. Kisha moto mpya ukawashwa uwanjani na nyuso zikazaliwa zote kwa mara moja. Padre alichora msalaba juu ya mshumaa mkubwa wa Pasaka, akaandika herufi ya kwanza na ya mwisho ya Kigiriki, akaweka tarakimu za mwaka, 1, 9, 9, 1, na kuchomeka punje tano za ubani kwa ajili ya majeraha matano. Mara tatu aliuinua akiimba, kila mara sauti ikipanda, nasi tukaitikia tukiingia kanisani kusiko na hata taa moja.

Hapo ndipo mwanga ulipoanza kupitishwa. Hakuna aliyewasha kwa kibiriti. Bibi alikuwa amenikatia jani la mgomba kwa mduara na kulitoboa katikati, likawa sahani ya kuzuia nta isinichome. Mjomba aligeuka na mshumaa wake unaowaka. Mimi nikausogeza wangu wima, naye akacheka kwa pumzi, asije akatia fujo ibadani.

“Inamisha wako,” alinong’ona. “Mwenye moto anasimama. Asiye nao ndiye anayeinama.”

Niliinamisha. Utambi ulisita, ukatoa moshi, ukashika. Nilipoinua macho, kanisa zima lilikuwa limefanya vivyo hivyo, na vidoti vya moto vilikuwa vimefika hadi ukuta wa nyuma. Mbiu ya Pasaka ikaimbwa, ule wimbo mrefu wa kale ambao katika Kilatini chake unawataja hata nyuki walioifanya nta. Nilisikiliza huku nikinusa mshumaa wangu, nikijua kwamba ndani yake kuna nyuki, na mpapai, na Pasaka ya mwaka jana. Ulipofika Utukufu, kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi zikalia, na mjomba akaimba sauti ya nne kwa nguvu mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka wakitabasamu.

Tukirudi, bibi alituambia jambo ambalo sikuliamini. Alisema utotoni mwake mkesha huu haukuwa wa usiku. Ulifanywa Jumamosi asubuhi, jua limekwisha panda, na mishumaa iliwaka bila kuonekana. Ulijua inawaka kwa kuwa nta ilikuchoma mkono. Nilidhani uzee unamchanganya. Nilipokua nikasoma kwamba ndivyo ilivyokuwa kweli kwa Wakatoliki duniani kote kwa karne nyingi, mpaka Papa Pius XII alipoanza kuurudisha mkesha usiku mwaka 1951, na kuufanya kuwa sheria kuanzia Pasaka ya 1956. Bibi hakuwa na miaka hiyo kichwani. Alichokuwa nacho ni usiku mmoja, akiwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, alipoambiwa aje kanisani gizani.

“Siku hiyo ndiyo niliyouona mshumaa,” alisema.

Nilisoma pia juu ya Egeria, mwanamke Mkristo aliyesafiri kutoka magharibi ya mbali hadi Yerusalemu katika miaka ya 380 na kuandika alichokiona. Anaeleza jinsi moto wa ibada ya jioni ulivyotolewa ndani ya pango la kaburi la Yesu, ambamo taa ilikuwa ikiwaka mchana na usiku. Anaeleza pia usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, watu wakiteremka mlima kwenda Gethsemane kwa miguu, hata watoto wadogo, polepole sana kwa sababu wamechoka kwa kufunga na kukesha, na mishumaa zaidi ya 200 ikiwaangazia njia. Nilifunga kitabu nikakaa. Nilikuwa nimeiona ile fimbo ya bibi, na yale madimbwi.

Mwaka uleule wa 1991, mwezi wa Novemba, mjomba alirudi kwa meli kutoka Mwanza. Tulimpokea bandarini Bukoba asubuhi, upepo wa ziwa ukinuka dagaa na dizeli. Alishuka akishika kamba ya ngazi kwa mikono miwili. Shati lake lilining’inia kama limeanikwa juu ya ufito. Hospitalini walimtazama kwa muda, wakatupa vidonge vya kuharisha, wakasema tumrudishe nyumbani.

Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa wetu, ugonjwa ulikuwa umepita vibanja vyetu kama mvua ya mawe. Sisi watoto tuliujua kwa jina la Juliana, jina la nguo za fahari zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka ng’ambo ya mpaka, na tuliona mashati ya namna ile yakifichwa chini ya masanduku. Matanga, ambayo bibi aliyakumbuka yakichukua siku nyingi, yalifupishwa, kwa kuwa kabla hujatoka msiba mmoja ulikuwa umeitwa kwenye mwingine. Jembe la kuchimbia kaburi lilizunguka kijijini bila kurudi kwa mwenyewe. Watu walichoka. Pia waliogopa. Walitusalimu wakiwa njiani, wakauliza hali ya mgonjwa kutokea kwenye ua wa mirasini, wakaendelea na safari zao. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Kila mmoja alikuwa na chumba chake.

Mjomba alilazwa chumba cha mbele, chenye dirisha dogo la ubao linalotazama njia. Usiku wa kwanza bibi aliwasha koroboi kama kawaida, lakini moshi wa mafuta ya taa ukamshika mjomba kifua, akakohoa mpaka akaishiwa. Bibi akaizima. Nikamsikia akienda jikoni gizani, nikasikia kifuniko cha kopo. Alirudi na mshumaa mmoja wa bua la mpapai, akausimamisha juu ya kifuniko cha sufuria kwenye kizingiti cha dirisha, ambako haungemuumiza macho. Akavuta kigoda. Akakaa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa sababu ya kikohozi. Usiku uliofuata tena, na uliofuata. Nje ulikuwa msimu wa senene. Watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele rweyani na makopo yao, na harufu ya senene wanaokaangwa kwa kitunguu na chumvi ilitufikia kitandani. Mjomba aliomba aletewe. Hakuweza kumeza hata mmoja, lakini alishika bakuli chini ya pua yake kwa muda mrefu, amefumba macho, mpaka likapoa.

Usiku wa tano au wa sita tulisikia hatua kwenye matandazo. Mlangoni alisimama jirani yetu wa upande wa chini, mama mzee aliyekuwa amezika wanawe watatu katika miaka minne. Mkononi alikuwa na kipande cha mshumaa kilichofungwa kwenye kona ya kanga, mahali ambapo wanawake hufunga pesa.

“Nimekuwa nikiona mwanga wenu kila usiku, waitu,” alimwambia bibi. “Nikasema, huyu mwenzangu halali.”

Hakusema lingine. Alikaribia dirisha, akaulaza mshumaa wake juu ya ule unaowaka mpaka ukashika, akakidondoshea kifuniko nta na kuusimamisha pembeni. Kisha akavua kandambili, akakaa chini kwenye nyasi tulizokuwa tumetandika, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Bibi alimpa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Walitafuna. Nilisinzia nikisikia meno yao yakivunja zile punje.

Kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata nilihesabu wanawake tisa na wanaume wanne, wanaume wakiwa nje kwenye moto, wakizungumza chinichini. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho, nusu mshumaa, robo, kibaki cha mshumaa wa kipaimara. Kizingiti cha dirisha kilijaa. Wengine walisali rozari, wengine walishona, mmoja alichambua maharage ya kesho. Mlutheri mmoja wa kijiji cha pili aliimba tenzi zake kwa sauti ndogo, na Wakatoliki wakamwitikia kadiri walivyojua. Mjomba hakuwa akizungumza tena sana, lakini macho yake yalihama kutoka mwali mmoja hadi mwingine, kama mtu anayeita majina. Usiku mmoja aliniita kwa kidole. Niliinama hadi sikio langu likagusa mdomo wake.

“Wameinamisha,” alisema.

Alifariki Januari 1992, kabla ya jogoo wa pili. Katika chumba kile tulikuwa watu saba, wote macho. Bibi alimfumba macho, akasimama, akaenda dirishani na kuzima mishumaa mmoja baada ya mwingine kwa vidole vyake vilivyolowa, huku machozi yakimshuka bila sauti. Kabla ya kupiga yowe la kuwaamsha majirani, alikusanya vipande vyote vya watu wote katika upindo wa gauni lake akavipeleka jikoni. Nilisikia vikianguka koponi. Ndipo akatoka uani, akalia.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi Dar es Salaam, nilialikwa kwenye mkesha wa Jumapili ya tatu ya Mei, ambapo watu katika nchi nyingi huwasha mishumaa kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI. Tulipewa mishumaa iliyochomekwa kwenye vikombe vya plastiki. Msemaji alieleza kwamba desturi hiyo ilianza Marekani, tarehe 2 Mei 1983, pale wagonjwa wa San Francisco walipotembea na mishumaa kutoka mtaa wa Castro hadi katikati ya jiji, nyuma ya kitambaa kilichosema kwamba wanapigania uhai wao. Njia hiyo mji uliijua tayari. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1978 maelfu kwa maelfu walikuwa wameipita kimyakimya, mishumaa mikononi, saa chache tu baada ya meya George Moscone na mjumbe wa baraza la jiji Harvey Milk kuuawa kwa risasi.

Niliposikia 1983 moyo ulinidunda. Mwaka uleule uliotajwa kwetu Kagera. Wale hawakuwajua watu wa Kashozi, wala sisi hatukuwajua wao, na hata hivyo pande zote mbili za dunia, pale dawa zilipokosekana na woga ukajaa njiani, watu walishika kitu kidogo kinachowaka wakasogea karibu na anayekufa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini kwa mpango wa taifa mwaka 2004, miaka 12 baada ya mjomba. Siku hizi wauguzi vijana hunitazama kwa upole nikiwasimulia habari za dirisha lile, kama watu wanaosikiliza habari za vita vya zamani. Nashukuru kwamba wanaweza kusikiliza hivyo. Ila nawaambia kwamba mshumaa haukumponya mjomba, na hakuna aliyeutarajia umponye. Ulimwambia aliye njiani kwamba humu ndani kuna mtu asiyelala, na ukamwambia aliyelala kitandani kwamba hayuko peke yake.

Bibi naye sasa yuko nyuma ya nyumba, kati ya babu na mjomba, chini ya migomba ileile. Novemba iliyopita nilirudi. Nilikata mabua ya mpapai mwenyewe, nikapima kwa shubiri yangu, ambayo sasa inatosha. Mtoto wa binamu yangu alishika kijiti nikimimina. Jioni ya tarehe 2 tulisimamisha mishumaa makaburini, tukaikinga upepo wa ziwa kwa vipande vya mgomba, tukakaa kwenye matandazo bila haraka. Senene walikuwa wameanza. Mbali kidogo mtu alikuwa akipika ndizi, na moshi ulitupitia, ukaendelea kwa wenyewe.

Giza lilipokolea mishumaa ilikuwa imebaki pingili moja moja. Nililowesha vidole nikazima wa mjomba.

“Si tuuache uishe?” mtoto aliuliza.

Nilimpa kile kipande kikiwa bado na joto. Akakifumbata, akakinusa kwa muda, kisha akaenda mbio jikoni, na kutoka pale nilipokaa nilisikia kifuniko kikifunguka.